Wadogo wa Kahawia wa Arabuko-Sokoke

Matatu ya kutoka Malindi ilinishusha kwenye lango la msitu upande wa Gede, jua likiwa limeshakausha umande. Masika yalikuwa yanaishia, nyasi za kando ya njia zimefika magotini. Kwangu mimi hapo ndipo penye mambo. Miti mirefu niliwaachia watazama ndege.

Kiongozi wangu, mzaliwa wa huko huko, alitaka kunionyesha vipepeo wakubwa wenye mikia, jamaa ya wale ambao wakulima majirani wa msitu huwafuga chini ya mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, na pupa wao huuzwa ng'ambo.

"Hawa wadogo wa kahawia, dada, wageni hawawapigi hata picha."

"Basi mimi nimewafuata hao hao."

Ni wa familia ya Hesperiidae. Kuijua familia si kazi: kichwa kipana, mwili mnene, vipapasio vilivyoachana na kupinda ncha kama ndoana. Kazi ni kumjua yupi ni yupi, tena huruka kwa kushtukiza, ukipepesa jicho kashahama. Tulisimama kimya mpaka mmoja akatua karibu, mbawa kazifunga. Upande wa chini wa bawa la nyuma, wenye rangi ya majani makavu, ulikuwa na nukta nyeupe zilizojipanga kwa upinde. Alipofungua mbawa kuota jua, bawa la mbele likaonyesha madoa yanayopitisha mwanga, na mstari mwembamba wa kijivu uliokaa mshazari.

Mstari huo ndio uliomtaja: dume wa jenasi ya Pelopidas. Binamu zake wa jenasi ya Borbo wana madoa kama hayo, lakini mstari kwa kawaida hawana. Bahati mbaya jike wa Pelopidas naye hana, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa.

Kiongozi aliinama, akafunua jani la nyasi lililofungwa kwa nyuzi za hariri. Ndani mlikuwa na kiwavi wa kijani.

"Huyu namjua. Yumo kwenye mpunga wa mjomba, huko Tana."

Si ajabu, Pelopidas mathias ni mdudu wa mpunga anayejulikana. Lakini yeye na Pelopidas thrax wanafanana mno, na wengi wa kundi hili huthibitishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini. Daftarini niliandika "Pelopidas, dume", nikaishia hapo.

Nawe ukienda, usiridhike na picha ya juu pekee. Subiri afunge mbawa, upate na ya chini.