Corolla ya mwaka wa 82 na motere ya Lite Ace

Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54. Kushuka, gari lolote linashuka. Kurudi ndiko kunaonyesha ukweli, maana Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1,700 na Beni iko chini yake kwa mita zaidi ya 500, na tofauti hiyo dereva anailipa kwenye mwinuko wa Kabasha. Pale mara kwa mara utakuta gari la zamani kapo imefunguliwa, abiria wameketi kando ya barabara, na kijana ameshika bidon ya njano anatafuta maji. Wapitao wanacheka. Lakini katika eneo la Beni, tangu mauaji yalipoanza mwezi wa kumi 2014, kusimama njiani kumeacha kuwa jambo la kuchekesha. Hata msafara unaolindwa na askari haumhakikishii mtu: ule wa barabara ya Beni–Komanda ulishambuliwa tarehe 1 mwezi wa tisa 2021. Gari linalozimika katika safari kama hiyo halingojwi na wengine.

Kwa hiyo papa mmoja wa Kirumba, ambaye leo anaishi Furu mjini Butembo, alipotafuta motere ya kuweka ndani ya Corolla yake, hakuuliza kwanza ni ipi inayokimbia. Aliuliza ni ipi inayoweza kutengenezwa Maboya, saa kumi jioni, na fundi asiye na kitu ila funguo namba 10, 12 na 14.

Gari ni Toyota Corolla KE70 ya mwaka wa 1982, ile ya umbo la sanduku, yenye usukani wa kushoto. Kirumba alikuwa akiuza sabuni na daftari, na gari hilo ndilo lilibeba bidhaa. Mwisho wa mwezi wa sita 2024, M23 ilipoingia Kanyabayonga kisha Kirumba, lilibeba watu wanane: yeye na mama wa nyumba, watoto watano na bibi yao, na magodoro mawili juu. Kwenye milima ya Alimbongo lilianza kuchemka. Kila kijito walichokuta walisimama, wakachota, wakamwaga ndani ya radiateri, wakaendelea. Walifika Butembo siku ya pili, moshi mweupe nyuma, na mafuta ya motere yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi yeyote anajua maana yake. Jointi ya kulasi ilikuwa imeungua na maji yamepita ndani ya mafuta. Kulasi yenyewe ilikuwa imepinda kiasi kwamba kuisawazisha kusingesaidia, na pistoni moja ilikuwa imekwangua ukuta wake.

Gari lililala miezi tisa katika lupango la ndugu waliowapokea, chini ya hema. Kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Wafanyabiashara wa vyuma chakavu walikuja mara mbili. Wa pili alitoa dola 250 kwa gari zima, pesa mkononi.

Dola 250 kwa familia ya wakimbizi si kidogo. Mama alikuwa ameanza kuuza unga wa mihogo na alikuwa na akiba ndogo katika kikundi cha aveki. Alisema neno ambalo papa bado analikumbuka: “Papa, gari hili lilitufikisha, sikatai. Lakini kama litakula minervali ya watoto, bora wakalikate.” Wakapatana hivi: pesa ya aveki isiguswe mpaka muhula ulipwe, atakachokipata yeye kwa kubeba mizigo sokoni, nusu iende nyumbani, nusu iingie kwenye kopo la gari. Kopo hilo lilichukua miezi saba, na ndipo akaanza kuzunguka magaraji.

Huko alikuta ushauri wa kila aina. Kijana mmoja alimwambia atie motere ya Starlet, ile 4E yenye sindano za kielektroniki, haili esansi nyingi. Ni kweli haili nyingi. Lakini Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele na motere yake imelazwa kwa upana, wakati KE70 inasukumwa na magurudumu ya nyuma na motere imekaa kwa urefu. Kuigeuza kunadai buate nyingine, kukata na kuchomelea, na kisha kuna kalkilateri, kile kisanduku kinachoamuru sindano. Kikiguswa na maji, Maboya hakuna wa kukifungua. Tena esansi yenyewe, inayouzwa na makadafi katika chupa kando ya barabara, mara nyingine ina maji au uchafu. Karburata ikiziba unaifungua, unapuliza jikleri kwa mdomo, unaondoka. Sindano ikiziba, ni kungoja.

Mwingine alimsifia dizeli ya 2C. Mazuti inakwenda mbali kwa pesa ile ile, hilo nalo ni kweli. Ila ni motere nzito, springi za mbele za KE70 zinalala, na kulasi za 2C zina sifa mbaya ya kupasuka zikipata joto. Kumtoa mtu kwenye kulasi iliyopinda na kumpeleka kwenye kulasi inayopasuka si msaada.

Fundi mzee aliyekubaliwa mwisho, mtu wa maneno machache, alisema: “Papa, usitoke ndani ya ukoo.” Motere ya asili ya gari hilo ni 4K. Ukoo wa K ni mkubwa: 3K, 4K, 5K, 7K. Zote zina mnyororo ndani badala ya mkanda wa mpira unaokatika, na vali zinasukumwa na vijiti kutoka chini, mtambo ambao fundi wa kijijini anauelewa kwa kuutazama. 4K ina pistoni za milimita 75, na ujazo wake ni sentimita 1,290 za ujazo. 5K, iliyofungwa kwenye vigari vya Lite Ace na Town Ace, ina pistoni za milimita 80.5 lakini mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 73. Kwa hiyo inafika 1,486 bila kuongezeka kimo. Inaingia mahali pa ile ya zamani na kushika buate ile ile. 7K ni ya 1.8, ina nguvu zaidi, ila bloku yake ni ndefu kwenda juu na inaleta mambo mengine. Kwenye mwinuko, ile tofauti ya karibu sentimita 200 inasikika, hasa huku juu ambapo hewa ni nyembamba na motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000.

Motere za okazio zinazofika Butembo nyingi zinapitia Uganda. Soko la Kisekka la Kampala ndilo linajulikana zaidi kwa piyesi. Kutoka huko mzigo unakuja Mpondwe, unavuka Kasindi, unapita Beni, kisha unapanda. Kila siku barabara ya Kasindi inapofungwa kwa sababu ya mashambulizi, bei ya bolti Butembo inaongezeka. Papa alingoja wiki tatu.

Ilipofika, fundi hakutazama rangi. Muuzaji alikuwa ameiosha kwa esansi hadi inang’aa, na motere inayong’aa sana ni ya kuogopwa. Alisoma kwanza alama 5K kwenye bloku. Akafungua kifuniko cha mafuta akaingiza kidole kutafuta utelezi mweupe, yaani maji. Akatoa bujii nne akazipanga chini kwa mpangilio wake: tatu za rangi ya kahawia, moja nyeusi kidogo. Akazungusha kwa mkono huku kidole gumba kikiziba matundu, moja baada ya jingine. Kisha akadai isikike. Waliiweka juu ya matairi mawili, wakaunganisha batri na chupa ya esansi, ikawaka palepale chini na kuruka kama mbuzi aliyefungwa. Waliisikiliza kwa muda mfupi tu, maana haikuwa na maji. Bei ikatoka 450 ikafika dola 380, na muuzaji akaandika fakitire yenye namba ya motere. Karatasi hiyo isipotee. Motere isiyo na fakitire inaweza kuitwa ya wizi kwenye barieri yoyote.

Ilisafiri kutoka dukani hadi garaji juu ya chukudu, vijana wawili wakiizuia kwenye mteremko.

Kazi ya kubadilisha ilichukua siku nne, na nyingi zilikwenda kwenye mambo madogo. Karta ya mafuta ya Lite Ace haiendani na msalaba wa mbele wa Corolla, kwa hiyo ile ya 4K ilitolewa ikahamishwa pamoja na bomba lake la kunyonyea mafuta. Vishikizo vya pembeni pia ni vya zamani. Starta na dinamo za 4K zilikuwa nzima, zikabaki. Mipira midogo ya hewa kwenye karburata, ile mingi isiyo na kazi huku kwetu, ilizibwa. Sahani ya ambreyaji ilinunuliwa mpya, maana kurudisha iliyolika wakati kila kitu kiko wazi ni uvivu unaolipwa mara mbili.

Kisha radiateri. Hapa ndipo mafundi wengi wa mji huu wana tabia mbaya ambayo inafaa kusemwa wazi: gari likichemka, wanaondoa termostati na kuitupa, wanasema maji sasa yanapita vizuri. Yanapita, ndiyo, lakini ugonjwa haujaguswa. Radiateri ya Corolla hii ilipofunguliwa, nusu ya vijia vyake vilikuwa vimeziba kwa matope ya maji ya mito na mabomba. Pengine 4K ile ingekuwa hai leo kama mtu angetumia dola 30 za kuisafisha miaka mitatu mapema. Sasa imesafishwa, termostati mpya imewekwa, na papa anabeba maji safi yaliyochemshwa ndani ya bidon mbili.

Sakafu ilikuwa na matundu ambayo miguu ya abiria inaona barabara. Ilizibwa kwa bati la pipa la mafuta, ikachomelewa. Breki zilipata viatu vipya. Rangi, hapana. Fundi wa rangi alikuja na bei yake na papa akamrudisha: gari linalopendeza linaulizwa maswali mengi njiani.

Katika daftari lake, lile lile alilokuwa akiuza Kirumba, hesabu imeandikwa kwa bic: motere 380, chukudu 5, jointi na ambreyaji 55, radiateri 30, bati na kuchomelea 60, breki 40, batri 50, mafuta ya motere, filta na bujii 35, fundi 120. Jumla dola 775. Kuna watakaosema kwa kuongeza kidogo kidogo mtu angengoja anunue Probox. Probox nzima ni dola elfu kadhaa, na kopo lile lingejaa watoto wakiwa wameshaoa.

Safari ya kwanza ya Beni fundi alikwenda naye, buku la funguo miguuni. Beni walikunywa chai, wakalegeza visi ya karburata kidogo, kwa kuwa chini kule hewa ni nzito na kilichorekebishwa Butembo kinakuwa kikavu. Walirudi na magunia manne ya mchele na mama wawili waliolipa nafasi. Kabasha walipanda kwa gia ya pili, sehemu fupi ya kwanza. Sindano ya joto ilipita katikati ikasimama hapo. Hakuna aliyeongea mpaka juu, isipokuwa mmoja wa wale mama aliyeuliza kama kuna shida, na fundi akajibu: “Hapana mama, tunasikiliza tu.”

Sasa gari linashuka mara tatu kwa wiki, saa za mchana tu, na halitoki kama habari za barabara si nzuri. Linakula esansi zaidi ya Starlet, na siku ambayo bei inapanda kwa makadafi papa anabaki na faida ya mkate. Minervali ya muhula wa pili imelipwa kwa wakati. Bloku ya 4K ilinunuliwa na wale wale wa vyuma chakavu. Fundi bado anadai dola 40, na analipwa polepole kwa mchele, kilo tano kila Jumamosi, zikiandikwa upande wa pili wa daftari.