Barua kutoka Las Vegas: Mkeka Bila Daftari

Ndugu zangu wa Peramiho,

Juzi saa tisa usiku simu ilinitoa usingizini. Kwenu ilikuwa saa saba mchana, ugali uko mezani. Mpwa wangu, niliyemwacha akiranda mbao vizuri tu, ananiandikia: "Shikamoo mjomba. Nimeacha useremala, sasa nabeti kama kazi. Naomba laki mbili ya mtaji." Na shahidi wake ni mimi! Eti niliwahi kuwasimulia habari za mpangaji mwenzangu anayeishi kwa karata.

Basi kosa ni langu, nilisimulia nusu.

Jamaa huyu anacheza poka ya mashindano. Si karata tatu ya matapeli wa stendi, wala lasti kadi ya chini ya mwembe. Unalipa kiingilio, unapewa chipsi (si zile za mayai), zikikuishia unanyanyuka. Mashindano makubwa kuliko yote hufanyika hapa kila kiangazi, kiingilio dola 10,000. Mwaka 2023 waliingia watu 10,043. Bingwa, Daniel Weinman, alizoa dola milioni 12.1. Waliopata chochote ni 1,507. Waliobaki, watu 8,536, walitoka mikono mitupu, na hao hakuna anayetuma picha zao kwenye magrupu yenu. Mimi nimewabeba baadhi yao kwenye teksi kwenda uwanja wa ndege. Kimya, kama watu wanaotoka kuzika.

Sasa anayepoteza mara nyingi hivyo anaishije? Kwa daftari. Kila kiingilio, nauli, hoteli, hata chai, anaandika. Pesa ya karata haikai mfuko mmoja na kodi ya nyumba. Mashindano yakiwa makubwa anauza nusu yake: wengine wanamchangia kiingilio, akishinda wanachukua nusu. Na mgeni kutoka nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, kama yetu, hukatwa asilimia 30 ya ushindi. Laki moja ya dola inabaki elfu sabini, gawa mara mbili, thelathini na tano. Hapo bado madeni ya miezi mikavu. Jamaa amefika Barcelona, Praha, Bahamas. Ukimuuliza kukoje, anakuelezea mazulia ya hoteli.

Lakini nyie mnaobeti mechi! Mkeka ukitiki kijiji kizima kinajua, ukichanika unatupwa mtaroni, hesabu nayo inatupwa humo humo. Wala si mikeka peke yake. Nilimuuliza kaka gunia la mahindi limemgharimu kiasi gani, mbolea, palizi, usafiri. Akacheka. Bei ya kuuzia anaijua hadi senti, ya kulimia haijui. Vijana mnanitumia kisa cha Chris Moneymaker, aliyeingia mashindano hayo hayo makubwa mwaka 2003 kupitia mchujo wa dola 86 kwenye intaneti, akatoka na dola milioni 2.5. Jina lake mmelishika vizuri. Kazi yake je? Mhasibu!

Mpwa, sikia. Miezi mitatu andika kila shilingi unayobeti, na iliyochanika iandike kwanza. Usikope kubeti. Ada ya mdogo wako usiiguse hata kwa siku moja. Usirundike timu kumi na tano kwenye mkeka mmoja, maana ikikosea moja zote zimekufa. Na ujue unacheza na nani: kwenye poka mwenye ukumbi anachukua ada yake, mnabaki kunyang'anyana wenyewe kwa wenyewe, kwenye mkeka mpinzani wako ndiye anayepanga bei. Mimi sijaona soko la namna hiyo hata Songea mjini, na Songea mjini nimelizwa sana.

Laki mbili ipo. Nitatuma siku nitakayopokea picha ya daftari, na hela hiyo ni ya mbao. Kama randa umeshaiuza, nitajie uliyemuuzia, nimpigie leo leo kabla hajaizoea.

Wenu,
Mjomba