Kwa Nini Matairi Yale Bado Yako Stoo



Wiki hii swali moja limenifuata kila mahali. Kwenye simu, kwenye grupu la WhatsApp, hata mlangoni baada ya ibada: "Pasta, yale matairi makubwa tuliyobarikiwa nayo, mbona bado yamelala stoo na pikapu inatembea na ya zamani?"

Ni swali la haki. Pikapu ni ya kanisa, mafuta mnachanga ninyi, na vijana wanaosafiri nayo kwenda misheni ni watoto wenu. Nakujibu hapa wazi, ili Jumapili tukikaa kuamua, kila mmoja ajue tunaamua nini. Wengi mnajua kwamba kabla ya chuo cha Biblia nilikula mkate wa gereji kwa miaka minne. Nivumilie basi nikizungumza kifundi kidogo.

Kwanza nimshukuru aliyetoa. Ametoa kitu kizuri. Matairi yetu ya zamani ni 265/70R16, na haya mapya ni 315/75R16. Usiogope namba hizo. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta wake kama asilimia ya huo upana, na ya mwisho ni rimu kwa inchi. Piga hesabu utaona tairi la zamani lina kimo cha milimita 777 hivi, na jipya 879. Nusu ya tofauti hiyo ndiyo inayoinua difu kutoka ardhini: sentimita 5. Kama umewahi kupita mchanga na mawe ya barabara ya Kapedo, unajua sentimita 5 ni rehema.

Sasa sikia upande ambao macho hayauoni.

Chini ya pikapu, katikati ya ekseli ya nyuma, kuna chungu cha chuma mviringo kama boga. Hiyo ndiyo difu. Ndani yake kuna gia mbili zinazosagana. Ndogo inaitwa pinioni, nayo huzungushwa na propela shafti inayotoka kwenye giaboksi. Kubwa inaitwa krauni, nayo ndiyo inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Ya kwetu ina krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10. Gawanya 41 kwa 10 upate 4.10. Maana yake shafti ikizunguka mara 4.10, gurudumu linazunguka mara moja tu. Tunatoa mwendo, tunapata nguvu. Pikapu hubeba mzigo kwa mpango huo.

Tairi kubwa linavuruga mpango huo. Kila likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, kwa hiyo injini inasukuma kwa mkono mrefu zaidi. Gawanya 879 kwa 777, unapata 1.13. Ni kana kwamba mtu aliingia usiku akatoa difu yetu ya 4.10 akaweka ya 3.63. Kwa kila kilo 100 za msukumo zilizokuwa zikifika barabarani, sasa zinafika 88. Injini ni ile ile, mzigo ni ule ule, lakini nguvu imepungua kabla hujawasha.

Utasema, "Pasta, 12 katika 100 si nyingi." Barabarani tambarare, pikapu ikiwa tupu, ni kweli hutahisi sana. Lakini sisi hatubebi hewa. Tunabeba viti, spika, jenereta, magunia ya unga na watu. Na injini yetu ni dizeli isiyo na tabo. Injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Hapa Nakuru tu tumeshapita mita 1,800. Sasa ongeza mlima wa kutoka Marigat kwenda Kabarnet, ukiwa umejaza. Gia ya tatu inakataa, unarudi ya pili. Ya pili inalemewa, unarudi ya kwanza. Kwenye mchanga dereva anaanza kuchezea klachi ili injini isizime, na baada ya muda unasikia ile harufu. Kila fundi anaijua. Ni pesa inayoungua.

Dawa yake ipo, na hesabu yake hata mtoto wa darasa la saba anaiweza. Chukua namba ya difu ya zamani, zidisha kwa kimo cha tairi jipya, gawanya kwa kimo cha tairi la zamani. Kwetu ni 4.10 mara 879 gawanya kwa 777. Jibu ni 4.64. Hiyo ndiyo difu ambayo ingerudisha pikapu mahali ilipokuwa.

Lakini dukani hakuna 4.64. Gia hutengenezwa kwa meno kamili, huwezi kuwa na nusu jino. Zilizo karibu ni mbili: 4.56, yaani meno 41 kwa 9, na 4.88, yaani meno 39 kwa 8. Hapo ndipo uamuzi ulipo.

Nikupe picha. Tuseme uko kilomita 80 kwa saa, kwenye gia ya nne ambayo kwetu ni moja kwa moja. Leo, na matairi ya zamani, injini inazunguka mara 2,240 hivi kwa dakika. Ukifunga matairi makubwa bila kugusa difu, inashuka hadi 1,980. Ukiweka 4.56, inakuwa 2,200. Ukiweka 4.88, inakuwa 2,360.

Kijana anayeishi kwenye lami kati ya Nakuru na Nairobi, gari tupu, ningemwambia achukue 4.56 aende zake. Ni karibu kabisa na alikotoka, na injini yake itatulia kwenye mwendo mrefu. Sisi tunapanda, tunabeba, na ni nadra kupita kilomita 80. Tena matairi haya hayakuongeza kimo tu, yameongeza uzito, na uzito huo uko mbali na ekseli, mahali ambapo ni kazi kuuanzisha na kazi kuusimamisha. Hesabu ya kimo haioni uzito huo. Kwa hiyo maoni yangu ni 4.88. Tutalipa kwa kelele kidogo na dizeli kidogo zaidi kwenye lami. Na nikwambie ukweli wote: pinioni ya meno 8 ni nyembamba kuliko ya meno 10, kwa hiyo haitaki dereva wa kuruka na klachi. Nadhani tunaweza kuishi na hayo.

Sasa gharama, maana hapa ndipo watu huanza mnara wasiweze kuumaliza. Yesu aliongea habari ya mtu huyo katika Luka 14. Tuketi tuhesabu.

Moja, difu ni mbili. Pikapu yetu ni ya magurudumu manne, ina difu ya mbele pia. Huwezi kubadilisha ya nyuma ukaacha ya mbele. Siku utakapoingiza magurudumu yote manne, ekseli moja itataka kwenda mwendo huu na nyingine ule, na zimefungwa pamoja. Zitashindana mpaka kitu kivunjike.

Mbili, matairi tuliyopewa ni manne. La spea ni lile dogo. Ukipata pancha Tangulbei ukafunga tairi dogo upande mmoja na kubwa upande mwingine, difu itafanya kazi bila kupumzika njia nzima, na magurudumu yote manne hutaweza kuyatumia. Tunahitaji la tano.

Tatu, breki. Hii nataka uisome mara mbili. Kubadilisha difu kunarudisha nguvu ya kupanda. Kunasaidia hata kuteremka, kwa sababu injini inashika gari vizuri ukiwa kwenye gia ya chini. Lakini breki zenyewe hazipati chochote. Ule mkono mrefu unaoidhoofisha injini unazidhoofisha na breki: mguu ule ule kwenye pedali, uzuiaji pungufu kwa asilimia 12 hivi. Kuteremka kutoka Kabarnet na watoto wa watu ndani, sitaki kubahatisha. Pedi, diski, ngoma na maji ya breki vikaguliwe kabla tairi kubwa halijafungwa.

Nne, fundi. Krauni na pinioni hazifungwi kwa nyundo. Nafasi kati ya meno ni ndogo kama unene wa karatasi moja au mbili, na hupimwa kwa geji, kisha meno hupakwa rangi kuona yanagusana wapi. Zikifungwa vibaya zitalia, kisha zitakula chuma. Na zikifungwa vizuri, safari za kwanza ziwe fupi na bila mzigo mzito, gari lipumzike lipoe, kisha oili ya difu ibadilishwe mapema.

Tano, mshale wa spidi. Na matairi makubwa peke yake, mshale ukisoma 80 wewe uko 90. Kwetu mshale unasoma kutoka giaboksi, kwa hiyo difu mpya itaurekebisha. Ukiwa na 4.88 utasoma juu kidogo kuliko ukweli, na hilo halimpeleki mtu kortini. Kama gari lako linasoma kutoka kwenye magurudumu, difu haitausaidia mshale wako. Na gari likibadilishwa hivi, mwenye bima aambiwe.

Kama una gari lako na hujui difu yako ni ngapi, usimwamini aliyekuuzia. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, toa gia, toa handibreki. Inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki na uegemeze ekseli kwenye stendi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela shafti. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu shafti. Ikizunguka mara nne na kidogo kidogo, ni 4.10 au karibu yake. Ikikaribia mara tano, ni 4.88. Hii ni kwa difu ya kawaida isiyo na loki.

Kwa hiyo Jumapili tutakuwa na njia mbili mezani. Ya kwanza, tufanye kazi yote: difu mbili za 4.88, tairi la tano, breki, na fundi wa difu mwenye vipimo. Kamati italeta makadirio mawili ya bei. Ya pili, kama fedha hazitoshi, tumwombe ndugu yetu ruhusa tubadilishane matairi haya na ya saizi 285/75R16. Hayo yana kimo cha milimita 834, yanatuzidi kwa asilimia 7 tu, na difu yetu ya 4.10 itayavumilia tukipunguza mzigo kidogo. Tutapata karibu sentimita 3 za kuinuka badala ya 5. Breki tutakagua hata hivyo.

Njia ambayo siiweki mezani ni kufunga matairi makubwa ili tupendeze kwenye picha, halafu difu "tutaona baadaye". Baadaye hiyo huja mlimani, usiku, na gari limejaa watu.

Nimepokea maneno kwamba Pasta hathamini zawadi. Mpendwa, zawadi hii naithamini mpaka nimeihesabia meno. Njoo Jumapili baada ya ibada ya pili, leta swali lako, leta na fundi wako kama unaye. Tuamue pamoja.

Ubarikiwe, na usafiri salama.

Mchungaji wako.