Pua Aliyokuja Nayo

Hapa Lukuledi, kwetu Wamakua, na kwa jirani zetu Wayao na Wamakonde, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mamaye, na mjomba ndiye mwenye neno. Tulipomtwaa yatima wetu tulifuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, tukapata amri ya Mahakama Kuu ya kumwasili. Amri ile haikutufundisha mengine.

Siku ya kwanza shuleni alituita Baba, darasa zima likacheka. Tukamwonya, "Sema Mwalimu." Usiku ule tukasikia mlangoni, "Hodi, Mwalimu, naogopa giza." Mama yake alicheka hata machozi, sisi tuliona haya.

Tena bibi mmoja mgeni alisema barazani, "Ama mtoto huyu! Pua ni ya babaye kabisa." Tukanyamaza, tukitazama mkeka. Mtoto akajibu kwa adabu, "Sivyo, Bibi, pua hii nilikuja nayo."

Majira ya korosho akafika mjomba wake. Karatasi ya mahakama tulikuwa nayo sandukuni, lakini mjomba ni mjomba, hatukulala. Asubuhi mtoto alimpelekea maji ya kunawa, akamwuliza, "Mjomba, utakaa kwetu siku ngapi?"

Mzee akatutazama kitambo. "Kwenu?" akasema. Kisha akanawa.