El Jem, mji uliomtawaza liwali

Treni ya Sousse kwenda Sfax, nchini Tunisia, hupita katikati ya mizeituni iliyopandwa safu kwa safu, mpaka uwanja wa Kirumi unapochomoza juu ya mapaa ya El Jem. Uliweza kuketisha watu wapatao 35,000, na mji wa leo bado unaonekana mdogo mbele yake.

Zamani mji huu uliitwa Thysdrus, nao ulitajirika kwa mafuta ya zeituni katika jimbo ambalo Warumi waliliita Africa. Waliliunda mwaka 146 K.K., baada ya kuiteketeza Karthago. Wakalitawala kutoka Utica, kisha kutoka Karthago hiyohiyo ilipojengwa upya. Liwali alikuwa mmoja wa wakubwa wa Seneti, na kwa kawaida alikaa mwaka mmoja tu. Kodi haikuwa na likizo.

Mwaka 238, mtoza kodi wa mfalme Maximinus aliwakamua vijana wenye mashamba hadi wakamuua. Kisha wakamwendea liwali Gordian, mzee wa miaka kama 80, wakamvika joho la zambarau la kifalme hapahapa Thysdrus, ingawa mwenyewe hakutaka. Seneti ya Roma ikamkubali. Wiki tatu hivi baadaye, jeshi la upande wa Maximinus kutoka Numidia lilimuua mwanawe vitani Karthago, naye Gordian akajinyonga. Naupenda mji huu kwa ujasiri ule: wakulima wa zeituni walitikisa dola nzima.

Baadaye Diocletian aliligawa jimbo, Thysdrus ikaangukia jimbo jipya la Byzacena, chini ya Hadrumetum, ambayo ndiyo Sousse ya sasa. Pengo kubwa kwenye ukuta wa uwanja halikuachwa na Warumi. Ni kazi ya mizinga ya bey, yaani mtawala, wa Tunis, karne ya 17, alipowafukuza waasi waliojificha humo.

Shuka chini ya uwanja, kwenye njia yenye vyumba vya wanyama pande zote mbili. Mwanga unaingia kwa juu, na jiwe, ambalo nje lina rangi ya asali, humu ndani ni baridi mkononi.

Halafu nenda makumbusho. Sakafuni kuna picha za vijiwe zinazoonyesha majimbo ya dola kwa sura za wanawake. Africa amevaa ngozi ya kichwa cha tembo, pembe zikiwa zimechongoka mbele. Mafundi walimpa macho makubwa, yasiyoinama. Tiketi ya uwanja ndiyo hiyohiyo ya makumbusho, kwa hiyo usikimbilie stesheni kabla hujamwona.