Kosa Nalo Lina Kwao

Aghalabu sisi walimu wa lugha hulitazama kosa la mwanafunzi kama gugu: likichomoza, ling'olewe. Miaka niliyofundisha Kiingereza na Kiswahili hapa Rumonge, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, imenionyesha kwamba kosa nalo lina kwao, na yafaa tupajue kabla ya kulipiga kalamu nyekundu.

Kuanzia mwaka 2008 familia nyingi zilizokimbilia Tanzania mwaka 1972 zilirejea, na madarasa yetu yakachanganyika. Mtoto aliyekulia hapa, akitaka kueleza kwamba amenunua daftari katika duka la vitabu, aliandika "library". Mwenzake aliyetoka Tanzania alimcheka, kwani neno hilo maana yake ni maktaba. Lakini Kifaransa huliita duka hilo "librairie". Maneno hayo ni ndugu, asili yao ni "liber" la Kilatini, yaani kitabu. Waingereza walilipokea kwa njia ya Kifaransa, katika karne zilizofuata ushindi wa Wanormani wa mwaka 1066. Hata Mfaransa Montaigne, katika karne ya 16, aliita maktaba yake "librairie". Baadaye Wafaransa walilihamishia neno dukani. Waingereza wakabaki nalo maktabani.

Aliyecheka naye alisema "borrow me a pen". Hapo Kiswahili ndicho kilichomponza. Kwetu mtu humwazima mwenziwe kalamu, na pia huazima kalamu kwa mwenziwe. Kitenzi ni kimoja. Waingereza wanavyo viwili: "lend" ni cha mtoaji, "borrow" ni cha mpokeaji.

Jambo hili si dogo. Ufuko huu umejua ugomvi wa mashamba baina ya waliobaki na waliorejea. Mtoto anayechekwa kwa kosa lake huhisi kwamba kinachochekwa ni alikotoka.

Kwa hiyo nilikuwa nikiandika ubaoni maneno manne: "shule" la Kiswahili, "ishure" la Kirundi, "école" la Kifaransa na "school" la Kiingereza. Yote yana babu mmoja, neno la Kiyunani lililomaanisha wasaa wa mtu asiyebanwa na kazi. Kiswahili kililipata kwa Wajerumani, ambao waliitawala nchi hii hadi 1916.

Tusahihishe, naam, maana kosa ni kosa. Ila tutangulize swali: neno hili, mwanangu, umelitoa wapi?