Maji ya Udhu Katika Bonde la Barafu



Magharibi ya Kanada, katika jimbo la Alberta, upo mto uitwao Bow, unaoteremka kutoka milima ya Rocky na kupita katikati ya mji wa Calgary. Ukiufuata mto huo kuelekea ulikotoka, mwendo wa kilomita 180 hivi, utafika Lake Louise, kijiji kidogo kilichoko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Banff. Mbuga hiyo ndiyo ya kwanza ya taifa katika nchi ya Kanada, nayo ilianzishwa mwaka 1885. Ziwa lenyewe limepewa jina la binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Maji yake yana rangi ya feruzi, kwani barafu nzito ya milimani husaga mawe yakawa unga mwembamba, na unga huo unapoelea ziwani hurudisha nuru ya jua kwa rangi hiyo. Mwenye kuliona akasema Subhanallah hakuzidisha neno.

Huko tulikwenda katikati ya mwezi wa Oktoba pamoja na jamaa zetu, watu wa pwani hii waliohamia Calgary miaka mingi: baba, mama na watoto watatu. Watu wa nchi ile wana ada ya kufunga nyuma ya gari nyumba ndogo ya magurudumu, yenye vitanda, jiko, choo na mifereji ya maji, kisha huenda wakapiga kambi nayo milimani. Nyumba hiyo wao huiita trela. Jamaa zetu hawana ya kwao. Waliazimwa na jirani yao, mzee asiyekuwa Mwislamu, aliyewakabidhi ufunguo pamoja na neno moja tu: wachunge maji yasigande ndani ya mabomba.

Neno hilo ndilo tulilotaka kuwaeleza wasomaji wetu, kwani wengi tuna watoto na ndugu katika nchi za baridi, na jambo hili lina sehemu yake katika ibada.

Msomaji wa Mombasa au Lamu anaweza kuuliza: maji yakiganda, kuna dhara gani? Mama anayeuza barafu za ukwaju mlangoni pake ana jawabu. Yeye hajazi mfuko mpaka juu, kwani anajua kwamba ukiganda utapasuka. Maji yakifika nyuzi sifuri na kugeuka barafu, huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Mfuko una nafasi ya kutanuka, lakini bomba lililojaa maji na kufungwa pande zote halina. Hupasuka lenyewe, au hupasua kiungo, pampu au koki. Ubaya ni kwamba ufa hauonekani usiku ule, kwa kuwa barafu yenyewe imeuziba. Huonekana siku ya pili, barafu ikiyeyuka na maji yakamwagika chini ya sakafu, mahali pasipofikika kwa mkono.

Sasa tuitazame sheria. Wapo wanaodhani kwamba penye baridi kali pana tayamamu, basi mambo yamekwisha. Si hivyo. Ni kweli kwamba Swahaba Amr bin Al-As, Allah amridhie, katika msafara wa Dhatus-Salasil aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia, akatayamamu na kuwaswalisha wenziwe. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alimuuliza, naye akajitetea kwa aya inayokataza mtu kujiua, Mtume akacheka wala asimlaumu. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka mipaka. Mwenye uwezo wa kupasha maji moto haijuzu kwake kutayamamu kwa sababu ya baridi. Na asiye na uwezo akatayamamu na kuswali, kauli yenye nguvu ni kwamba atailipa swala ile baadaye. Theluji nayo si udongo, haitayamamiwi. Bali ikiyeyuka ni maji safi yanayotosha kutawadha.

Basi familia iliyo na trela yenye tangi la maji, gesi na jiko haina udhuru. Kuyalinda maji yale yasigande ni katika kuilinda swala. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga au binti aliyemaliza hedhi na anataka kuoga, jambo hilo si la kubahatisha.

Kambi nyingi za milimani hufunga mifereji yake kabla baridi haijakaza. Pale tulipofika palikuwa na umeme katika kila kituo, ila hapakuwa na maji ya kuunganisha. Hilo lilikuwa afadhali, kwani mpira wa maji uliolazwa nje usiku ndio wa kwanza kuganda. Hata pale penye mfereji karibu, wajuzi hujaza tangi mchana, wakaufungua mpira, wakaumwaga maji yote na kuukunja ndani, kisha usiku wakatumia maji ya tangi kwa pampu inayoendeshwa na betri.

Kazi ya jioni ile ilisimamiwa na mama wa nyumba. Tangi la maji safi lilikuwa limejazwa vyema, kwa sababu maji mengi huchelewa kuganda kuliko machache. Alifungua milango ya kabati chini ya sinki na chini ya vitanda, ili hewa ya moto iyafikie mabomba yapitayo humo. Koki za matangi ya maji machafu alizifunga kabisa. Zikiachwa wazi, maji hudondoka kidogo kidogo na kuganda katika bomba la kutokea, tangi likaziba. Kisha akawasha hita ya gesi na kuiweka iwake usiku kucha.

Hapa pana siri ambayo wageni wa baridi hawaijui. Hita ya gesi ya trela nyingi hupuliza hewa ya moto chumbani na pia chini ya sakafu, yaliko matangi na mabomba. Hita ndogo ya umeme inayowekwa juu ya zulia hupasha chumba peke yake. Mlalaji hustarehe, na chini yake maji yanaganda. Tena gesi ina namna zake. Butani haigeuki mvuke vizuri hewa inapofika sifuri, bali propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo mitungi ya baridi ni ya propani. Na feni ya hita hula betri, ilhali betri yenyewe hupungua nguvu kwa baridi. Penye umeme, ni vyema iunganishwe.

Usiku huo kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 9 chini ya sifuri. Garimoshi za mizigo zilipita bondeni usiku kucha. Katika majira yale jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi, basi Alfajiri haina haraka, lakini baridi yake inauma. Mama aliamka kwanza, akafungua mfereji, maji yakatoka. Akayachanganya yawe vuguvugu, tukatawadha mmoja baada ya mmoja. Tuliswali tumeelekea kaskazini, tukakengeuka kidogo mashariki, kwani huko ndiko iliko Al-Kaaba kwa mtu aliye Alberta kutokana na mviringo wa ardhi. Sisi tuliozoea kibla chetu cha pwani, kilicho kaskazini hasa, tuliona ni kama tumegeuka hatua moja tu.

Kabla hatujamaliza chai, mlango uligongwa. Alikuwa kijana wa trela ya pili, na mkewe nyuma yake amebeba mtoto. Pampu yao ilikuwa ikinguruma na tone halitoki. Walikuwa wamezima gesi ili kubana matumizi, wakalala na hita ya umeme. Mtoto alihitaji maziwa. Mama wa nyumba hakuuliza mengi. Alijaza birika na ndoo akawapa, na maji yetu yakapungua kwa hayo. Kisha baba akaenda kuwasaidia. Waliwasha gesi, wakafungua makabati, wakayapasha mabomba polepole kwa mashine ya kukaushia nywele wakianzia upande wa mfereji, nao umefunguliwa ili barafu ipate pa kutokea. Moto wa wazi hautumiwi hata kidogo. Huyeyusha mabomba na huweza kuchoma nyumba. Kufika Adhuhuri maji yalitoka, ila kiungo kimoja kilikuwa kimepasuka, wakafunga safari yao.

Jambo moja tunalisisitiza kwa akina mama wenye wana ughaibuni: baridi isimfanye mtu aingize jiko la makaa ndani, wala kuwasha jiko la kupikia ili kupasha chumba na madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu itokayo humo haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Trela iwe na kengele ya kugundua hewa hiyo, na ijaribiwe kabla ya kulala.

Siku ya kurudi ilikuwa na kazi yake, kwani trela inayoegeshwa bila moto hailindwi ila kwa kutolewa maji. Tangi la maji moto lilizimwa na kuachwa lipoe, mkandamizo ukatolewa kwa kufungua mfereji, kisha kizibo chake kikafunguliwa. Koki za chini kabisa zilifunguliwa mpaka mabomba yakakauka. Mwisho, tangi la maji moto likatengwa, na pampu ikavuta dawa ya rangi ya waridi isiyoganda, mpaka rangi ikaonekana katika kila mfereji. Nyingine ikamiminwa katika matundu ya sinki na bafu. Dawa hiyo ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kutumia, wala si ile ya injini ya gari, ambayo aghalabu ni sumu kali. Na Mwislamu asome maandishi ya chupa, kwani baadhi huchanganywa na alkoholi. Zipo zisizokuwa nayo. Vyovyote iwavyo, majira ya joto yakirudi mabomba husafishwa kwa maji mengi kabla ya kunywa au kutawadha.

Kizibo cha tangi la maji moto hakikurudishwa mahali pake. Mama alikifunga kwa uzi katika mfereji wa jikoni, ili mwenye trela akione kabla hajatia maji tena, kisha akaandika katika karatasi yote yaliyofanywa, koki kwa koki. Mzee alipoisoma karatasi hiyo mlangoni pake, aliuliza kama wangependa kuichukua tena trela yake mwezi wa Mei. Amana ikirudi salama, mwenyewe haogopi kuitoa mara ya pili.

Wabillahi tawfiiq.